Mawe ya Mlimani na Mafuta ya Mawese

Jumatatu, 3 Juni 2024
Jumamosi kijiji kitaamua hatima ya mgodi wa zamani. Nurudini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasulu, anataka mawe yaliyoachwa pale ayasage kokoto. Kokoto! Pale Wazungu walichimba dhahabu na tungsteni, yale madini mazito ajabu. Taarifa yao nimeisoma mara tisa. Nurudini hajasoma hata maandishi ya mifuko ya saruji anayouza. Alhamisi anakuja Bi Safina, mjiolojia. Akiridhika, mlima utapimwa. Asiporidhika, tutakanyaga utajiri wetu barabarani.

Jumanne, 4 Juni
Nimeshusha mawe ishirini kutoka mgodini. Yamepauka! Nani humposa binti mwenye ngozi kavu? Nimeyasugua kwa mawese, moja moja. Yanameta. Mke wangu, Maximilla, ameuliza: Baba Ange, unayakaanga au unayatafutia mchumba? Nimeendelea kusugua. Naye ameokota lake huko huko, jeusi, la kugandamizia gunia la mihogo iliyolowekwa. Jiwe dogo, lakini alilibeba akihema. Nikamwambia halina sura.

Alhamisi, 6 Juni
Aibu! Si yangu, ya sayansi. Bi Safina alishika sampuli ya kwanza, ikamponyoka, ikamwangukia mguuni. Akasema mawe yenye mafuta hayapelekwi maabara. Nurudini, aliyejialika, akataka waletwe dagaa wakaangwe kabisa, mafuta yasipotee bure.

Akitafuta maji ya kunawa, Bi Safina akaliona lile jeusi juu ya gunia. Akaliinua. Akaliinua tena. Akasema uzito huo haulingani na ukubwa wake, huenda ni tungsteni. Akaomba kuondoka nalo. Maximilla akagoma: mihogo haijachujika maji, arudi Jumamosi. Na msomi mwenye shahada mbili akajibu, "Sawa, mama."

Jumamosi, 8 Juni
Mkutano. Mwenyekiti wetu, Mzee Bazilio, amezuia kokoto mpaka majibu ya jiwe jeusi yatoke maabara. Nimeshinda! Ila kazi ya kukusanya sampuli amepewa Maximilla, na mimi nimekatazwa kuyasogelea mawe, nikae umbali wa hatua ishirini. Nurudini alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Cheka, bwana! Walionicheka ni wengi, aliyesoma ile taarifa ni mimi peke yangu.

Nimekaa nikalichambua kosa langu bila kujionea huruma. Nimeliona. Mawese yalikuwa machache.

Kesho nanunua lita tano.