Ombi la Kurudishiwa Kovu la Mkono wa Kasuku

Kwa Mkurugenzi wa Mradi wa Jeli ya Vidonda

Mheshimiwa,

Uniwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Kila nikishika kalamu, kitinda mimba analilia titi, na nikimlaza, mashati ya wateja yananikodolea macho. Mimi ni dobi. Leo amelala na pasi nimeichomoa, basi nivumilie.

Binti yangu mkubwa, tunayemwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake hauna likizo, alishika pasi ya moto kwa mkono wa kulia. Watu wako wakampaka jeli. Mtaalamu kijana alinieleza kwa upole kwamba ndani yake mna vipande vidogo vya protini. Vikigusa mwili hujipanga vyenyewe, hufuma wavu, kisha huiga ule ujumbe ambao mwili hutuma kuiamuru nyama ikue. Nyama ikadanganyika, ikakua. Kiganja kikapona, kikafuata kidole gumba, cha shahada na cha kati. Zamu ya viwili vya mwisho ilipofika, tukaambiwa mradi umefungwa. Sasa kovu limevikunja, na muuguzi anasema visipokunjuliwa mapema, mtoto atakua navyo hivyo hivyo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jeli yenu imenivurugia nyumba. Humu hakuna kinachojipanga chenyewe, si vyombo, si viatu, si Baba Kasuku. Tangu nimsimulie habari hizi, nikimwambia atandike kitanda ananijibu, "Tulia, mke wangu, kitajipanga."

2. Mama mkwe aliposikia kwamba kuiga kunatibu, naye akaiga, kwa dawa ya meno. Vidole havikudanganyika. Amenuna hadi leo, anadai nimevifundisha dharau.

3. Kasuku amevipa vidole majina. Vitatu ni watoto wa mradi, viwili ni watoto wa kambo, na watoto wa kambo hawaruhusiwi kugusa biskuti. Nifue nguo za watu, ninyonyeshe, halafu niamue kesi ya ukoo ndani ya mkono mmoja?

4. Nilifika ofisini kwenu. Ukutani mmetundika picha kubwa ya mkono wa mwanangu, imekatwa vizuri kabisa pembeni mwa kidole cha kati. Nikamuuliza karani vile viwili viko wapi. Akasema, "Dada, havikuingia kwenye ripoti." Mheshimiwa, kwenye sweta vinaingia, kila asubuhi, na vinanasa, na mtoto analia.

5. Jeli yenu hujipanga kabla chai haijapoa. Ninyi wenye viti vya kuzunguka bado mko kikaoni mnajipanga. Nashauri mjipake.

Kwa hiyo, kwa kuwa kumaliza hamwezi, naomba usawa. Njooni mwondoe mlichoponya na mturudishie kovu letu lote, ili watoto wa mkono mmoja wafanane. Mpige na picha upya. Safari hii mkono mzima utaenea.

Nisalimie wa nyumbani kwako, karani, mtaalamu kijana, na yule mlinzi wa getini aliyemfunika Kasuku kwa koti lake siku ya mvua.

Ni mimi, niliyechoka ila sijachoka kudai,
Mama Kasuku, dobi

Nyongeza: Tafadhali asije mtu kuondoa chochote. Niliinuka kumtazama mdogo wake, na niliporudi nikakuta Kasuku ameshika kalamu yangu kwa vile vidole vitatu, amechora duara lenye masikio pembeni mwa karatasi hii. Anasema ni wewe. Hajawahi kushika kalamu tangu aungue. Atakayeugusa mkono huo atanikuta mlangoni na pasi.

Nitumie hivi tu: daktari wa kulifungua kovu kwanza, jeli ya kutosha vidole viwili, bandeji zile laini zisizong'ang'ania kidonda, mtaalamu kijana mwenyewe, maana Kasuku hamlilii, na glavu moja ya mkono wa kulia, ya mtoto wa miaka minne, yenye vidole vitano.