Daktari wa Mgongo Wangu Nitamchagua Mwenyewe

Alhamisi, 5 Desemba

Picha ya mgongo imetoka. Gegedu kati ya pingili ya nne na ya tano limechomoza na linabana mshipa wa fahamu wa mguu wa kushoto. Ndiyo maana kidole gumba hakinyanyuki. Daktari wa mtaani amesema nitafute wa upasuaji, tena upesi. Sawa. Lakini yupi?

Desanka, mke wangu, hakufikiri hata sekunde. Jelisavčić! Alimpasua Svetozar, na Svetozar sasa anacheza harusini mpaka wanamwomba akae.

Hapo hapo nikamfuta Jelisavčić. Svetozar ni mwanyumba wangu. Yeye kaoa dada mkubwa, mimi mdogo, na kwa miaka thelathini kila ninachonunua yeye anacho tayari. Gari. Jiko la kuni. Jino la dhahabu. Hata kuumwa mgongo kanitangulia!

Sihitaji jina kutoka kwa mtu. Nimekagua mizani katika masoko ya Niš miaka ishirini na tisa. Hakuna muuza jibini aliyewahi kunidanganya, isipokuwa wawili. Daktari naye ni mizani. Unaweka uzito unaoujua, unaangalia mshale unakwenda wapi. Uzito wangu ni huu: kila daktari nitamwambia kwamba mwenzake kamsema vibaya. Atakayekasirika ana la kuficha. Atakayecheka ana kiburi. Anayefaa atafanya kitu cha tatu. Nitakijua nikikiona.

Jumamosi, 7 Desemba

Dk. Vukomanović. Kliniki ya binafsi juu ya duka la viatu. Viti vya ngozi, kahawa ya bure, tangi la samaki wa rangi. Alinigonga goti, akanichoma wayo kwa pini, akaitazama picha kwenye mwanga. Akasema tusikimbilie kisu. Wiki sita za mazoezi na dawa, kisha tuone. Akaongeza kwamba makalio yakifa ganzi, au mkojo ukigoma, nisimpigie mtu simu wala nisingoje asubuhi. Niende hospitali dakika hiyo hiyo.

Daktari wa kulipwa anayekataa malipo! Huo ni woga. Nikaweka uzito: Dk. Bojović anasema wewe ni mchinjaji. (Bojović mwenyewe sijamwona. Jina lake nililisoma kwenye kibao ng'ambo ya barabara.)

Akauliza kama kweli Teodora, yaani huyo Bojović, kasema hivyo. Kisha akatabasamu kwa huzuni.

Tabasamu la huzuni halimo kwenye orodha yangu. Nimemfuta.

Jumatatu, 9 Desemba

Svetozar kaja. Kaangusha kiberiti chake sakafuni, kakiokota bila kukunja magoti. Kakiangusha tena. Mara tatu! Kisha kanipiga begani: mwanyumba, acha ujuaji, nenda kwa Jelisavčić, sema umetumwa na mimi, atakupa kitanda cha dirishani. Desanka akacheka kama msichana.

Alipoondoka nikajaribu kuokota ndara yangu. Nilibaki robo saa nimeegemeza paji la uso kwenye mlango wa friji. Desanka akauliza nafanya nini. Nikasema naisikiliza mota.

Jumatano, 11 Desemba

Dk. Teodora Bojović. Miaka thelathini na tano, na mfupi. Nasikia akipasua husimama juu ya kijukwaa. Aliniambia nivue soksi. Nikasema tatizo liko mgongoni, soksi hazihusiki. Akasema najua, baba, lakini mguu uko ndani.

Alikiminya kidole gumba, akaniambia nisimame kwa visigino. Mguu wa kushoto ukakataa. Akasema umedhoofika kuliko ilivyoandikwa kwenye ripoti, nipasuliwe wiki hii, au ijayo kabisa. Nikaweka uzito: Vukomanović anasema wewe ni mtoto. Akajibu kwamba ni kweli, humwambia hivyo hivyo usoni, na kwamba sasa nivue na ya kulia.

Haraka yote hiyo ya nini? Ana njaa ya wateja. Halafu anaandika kwa mkono wa kushoto. Nimemfuta.

Ijumaa, 13 Desemba

Sina daktari hata mmoja. Upande mwingine, hakuna aliyenidanganya.

Mguu unaburuta. Kiatu cha kushoto kimelika mbele kana kwamba kimepigwa tupa. Desanka anasema mitaa yote inanisikia nikipanda ngazi. Amelia kidogo jikoni, akasingizia vitunguu. Tulikuwa tunakula maharage.

Kisha wazo! Tarehe kumi na tisa ni siku ya Mtakatifu Nikola, na huyo ndiye mtakatifu wa nyumba ya Jelisavčić. Ndiyo slava yake, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo. Kwenye slava hakuna mwaliko na hakuna anayefukuzwa. Mtu akibisha hodi, anapigwa busu tatu na kukaribishwa mezani. Nitakwenda. Nitaiangalia mikono yake saa tatu nzima, bila koti jeupe, bila miadi. Ikitetemeka, basi Svetozar atajua ni mikono gani iliyoingia mgongoni mwake.

Desanka kauliza: na isipotetemeka?

Sijafika huko bado.

Jumatano, 18 Desemba

Maandalizi. Nimenunua divai nyekundu, ya bei ya katikati. Nimejifunza kukaa pembeni bila kuonekana. Nimekunywa vidonge vinne vya maumivu badala ya viwili, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma vinafanya kazi. Tangu alfajiri, nikikaa, ni kama nimekaa juu ya mto laini. Siusikii ubao wa kiti kabisa. Nafuu kubwa!

Alhamisi, 19 Desemba, asubuhi

Suti. Tai. Nimesimama chooni dakika kumi bila mafanikio. Ni wasiwasi tu. Siku za ukaguzi mkubwa ilikuwa hivi hivi.

Jumamosi, 21 Desemba

Naandika nikiwa nimelala chali, daftari juu ya uso. Niseme yaliyotokea kwa mpangilio.

Nyumba ya Jelisavčić, saa saba mchana. Mshumaa unawaka, mkate, ngano ya kuchemsha yenye sukari, watu ishirini mezani. Mwenye nyumba akanibusu mara tatu, akapokea divai, hakuuliza mimi ni nani. Barabara kabisa. Ila kichwani pa meza alikuwa Svetozar, kitambaa kifuani, na akapaza sauti: jamani, huyu ndiye mwanyumba wangu, yule aliyepinda!

Mkabala naye Vukomanović. Kando ya Vukomanović, Bojović.

Kumbe wote watatu wako wodi moja ya hospitali ya serikali asubuhi, na mchana kila mtu anakwenda kwenye kibao chake. Mji mzima unajua. Nikakaa nyuma ya mshumaa.

Jelisavčić akaletewa samaki mzima wa kuokwa. Akapitisha kisu, akashika kichwa, akauvuta uti wa mgongo ukatoka mzima mpaka mkiani. Hakubaki hata mwiba. Mikono kimya kama jiwe. Balaa!

Yakabaki magoti. Mtu anaweza kuizuia mikono akatetemeka chini. Nikaangusha uma, nikaingia chini ya meza.

Magoti yametulia. Soksi moja ina tundu. Nikataka kurudi juu. Mgongo ukakataa. Mguu wa kushoto ukakataa, na wa kulia, ambao sikuwa na ugomvi nao, ukakataa pia.

Kwenye slava mgeni haulizwi yuko chini ya meza kwa nini. Mke wa Jelisavčić kwanza aliniteremshia sahani ya keki. Kisha glasi. Kisha ukaja uso wa Svetozar, juu chini, ukauliza: mwanyumba, na huko nako kuna mizani?

Kitambaa cha meza kikafunuliwa. Vukomanović akanitambua. Akasema huyu ndiye aliyemwambia kwamba Teodora anamwita mchinjaji. Bojović akasema makubwa, yeye aliambiwa kwamba Vukomanović anamwita mtoto. Vukomanović akajitetea kwamba mtoto humwita kweli, lakini si mbele ya wagonjwa. Jelisavčić akauliza, na yeye alisemwa nini? Wakamwambia zamu yake ilikuwa haijafika. Alionekana kuumia.

Kisha wakaanza kunigawa. Mimi niliyekuwa nachagua! Vukomanović akasema ananikabidhi kwa mwenye nyumba, kwa moyo mweupe. Jelisavčić akasema aliyekula mkate wake leo ni mgeni, hawezi kumgeuza mgonjwa, chukua wewe. Akamwonyesha Vukomanović kidole: chukua wewe, uliyepokea ada yake. Svetozar akapendekeza daktari wa ng'ombe. Meza nzima ikatikisika kwa kicheko. Mimi nilikuwa na keki mdomoni.

Bojović peke yake hakucheka. Alipiga magoti na gauni lake la kijani, akatambaa mpaka kwangu, akauliza mara ya mwisho nilikojoa lini. Nikasema hayo ni mambo ya binafsi. Akarudia swali lile lile, kwa sauti ile ile. Nikasema jana, jioni. Akaomba uma. Nikangoja. Baada ya muda nikamuuliza ataanza kunichoma saa ngapi.

Akasema, baba, nimeshamaliza.

Nilisikia Vukomanović akiweka glasi chini. Jelisavčić akauliza taratibu ni nani hajanywa.

Tangu saa sita walikuwa wanamnywea Mtakatifu Nikola, na rakia ya nyumba ile ni ya nguvu. Bojović akasema yeye ana zamu jioni, ameshinda na maji ya matunda.

Hivyo ndivyo daktari wangu alivyopatikana.

Walinitoa juu ya ubao wa kupigia pasi. Svetozar alishika upande wa kichwa. Hakufanya mzaha hata mmoja ngazi zote nne, jambo lililoniogopesha kuliko uma. Hospitalini Bojović alinieleza waziwazi: gegedu limeporomoka lote kwenye mishipa. Miguu inaweza kurudi. Kibofu hajui. Kila saa ina thamani, kwa nini sikuja jana ganzi ilipoanza? Nikasema nilikuwa bado nalinganisha. Desanka alisimama mlangoni ameshika koti langu. Afadhali angenitukana.

Bojović alinipasua usiku ule ule, na leo asubuhi kidole gumba kimenyanyuka. Sentimita moja, labda na nusu. Mrija wa mkojo utatolewa Jumatatu, ndipo tutajua.

Jumatatu, 23 Desemba

Mrija umetolewa saa moja asubuhi. Saa tatu, hakuna kitu. Saa nne, hakuna kitu. Desanka alifungua bomba la sinki na kukaa chini, akiutazama ukuta, mkoba magotini. Saa tano kasorobo, mililita mia nne na kumi! Nimepima mwenyewe na kumwomba muuguzi athibitishe. Desanka amenibusu, kisha akanipiga kwa mkoba. Begani, kwa hesabu nzuri.

Mchana kaja Svetozar na machungwa. Nimemweleza utaratibu wangu. Kati ya madaktari watatu wa mji nilimchagua Bojović, kwa kuwapunguza mmoja mmoja, na kulala chini ya meza ndilo lilikuwa jaribio la mwisho. Wawili walikaa, mmoja akashuka. Akaniambia: mwanyumba, ulikuwa umekwama. Nikamwambia kwa aliye juu ya meza lazima ionekane hivyo.

Tena nimempita. Yeye alipasuliwa kwa saa moja. Mimi mbili na nusu!

Kitanda cha pili kuna dereva wa lori aitwaye Gvozden. Shingo imebana mishipa, mkono wa kulia unakufa ganzi, kesho asubuhi anapasuliwa na Vukomanović. Aliniuliza, kwa kuwa mimi nimeshapitia, huyo Vukomanović ni mtu wa namna gani. Sipendi kusema watu. Nikamuuliza tu amelinganisha wangapi. Mmoja! Amewahi kumwona akila samaki? Hajawahi. Anajua magoti yake yakoje? Hajui. Nikamweleza lile tabasamu la huzuni.

Hakugusa chakula cha mchana. Saa nane akavaa suruali juu ya pajama kwa mkono mmoja, nikamsaidia kifungo. Akatia saini karatasi ya kuondoka kwa hiari, kwa mkono wa kushoto, herufi zimetawanyika. Akanishukuru kwa machozi machoni. Ana jina la daktari mwingine huko Leskovac.

Saa kumi Bojović kapita kuwaona wagonjwa. Amekuta kitanda kitupu, shuka limekunjwa. Akauliza Gvozden yuko wapi. Nimemjibu kwamba ni mtu mzima, ameamua kuchagua. Akanitazama, kisha akatoka mbio kuelekea kwenye ngazi.

Huyu mwanamke ananiheshimu sana. Wanaleta mgonjwa mwingine jioni, wa kiuno. Nimeanza kumwandikia maswali.