Malkia wa Kupandikizwa

Jumatatu, 5 Desemba 1994

Siku kubwa! Daktari Herieth wa chuo kikuu, mtafiti wa wadudu, amekunywa chai sebuleni kwangu. Nilimdaka stendi kabla Wendelin hajamwona. Wendelin ni jirani yangu, mwalimu wa sayansi, mtu wa kujipendekeza. Akaja hata hivyo, hakualikwa, na daftari mkononi.

Habari yenyewe ni hii. Kuna chungu, jamaa za sisimizi, ambao malkia wao hajui kulea. Huingia kiota cha chungu wengine, humuua malkia mwenye nyumba, kisha yatima wa humo wanamlisha yeye na wanawe. Mwanamke wa akili! Daktari anataka ukoo wa namna hiyo uanzishwe ndani ya chupa. Atakayefaulu atapata kazi ya kutunza wadudu wake Mbamba Bay, miaka miwili, na nyumba ya kukaa. Ametuachia malkia mmoja mmoja ndani ya vikopo vya filamu. Wangu mwekundu, anang'aa. Wenyeji wake wawe wale weusi wa shambani. Atarudi Jumamosi.

Namna ya kufanya alieleza pia, kwa kirefu. Sikusikia yote, nilikuwa nawaza mapazia ya hiyo nyumba. Benadetha, mke wangu, alisimama mlangoni na sinia akisikiliza mpaka chai ikapoa. Nikamwambia ya kitaalamu hayamhusu.

Kazi hii lazima niipate. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waingie na ghala letu la ushirika lifungwe, mimi karani nimebaki na mkoba mtupu. Benadetha amesema Krismasi ikipita hivi hivi nakwenda kijiji cha Ukata kwa kaka yake kushika jembe. Mimi! Jembe!

Jumanne, 6 Desemba

Nimechimba chungu weusi kwenye ngoro za Benadetha, yale mashimo ya kilimo cha mlimani. Kweli, maharage yameng'oka. Machache. Mashimo manne tu, labda saba. Nilikuta pia vifuko vyeupe vya watoto wao, kama punje za mchele. Nikavimwaga palepale. Watoto wa nini? Nilichagua vibarua watu wazima, wenye taya, zaidi ya mia. Nikawatia kwenye chupa ya jamu, nikawadondoshea malkia wao mpya.

Wakamrukia! Mguu mmoja umekwenda kabla sijamwokoa kwa kibanio. Chungu wa huku hawana ukarimu. Wameniuma vidole vitatu.

Benadetha akauliza kama Daktari hakusema wachukuliwe watoto tu, ambao bado hawajamjua mama yao. Nikamwambia akaangalie sufuria. Akaondoka kwenda kuokoa maharage yake.

Jumatano, 7 Desemba

Wendelin amesimama kwenye ua akauliza hali ya chungu wangu. Nikasema wanastawi. Akasema wake wametulia kama waseminari. Alitabasamu sana. Nilikosa hamu ya kula, nikala kidogo, nikaongeza.

Kisha wazo! Baridi! Chungu wakipoa wanakosa nguvu za kugombana, wanarundikana, wakiamka wamezoeana. Na friji ya mafuta ya taa ninaijua iliko: dukani kwa Ausi.

Alhamisi, 8 Desemba

Nilimrudisha malkia chupani, nikamwambia Ausi ni dawa ya mgongo. Akaweka chupa nyuma ya soda. Kila kitu kilikwenda sawa hadi mkewe, Mwanakombo, alipoitoa akidhani ni ukwaju. Aliona si ukwaju, akaitupa juu ya kaunta na kifuniko kikafunguka. Jua likawaamsha. Wakaingia gunia la sukari kwa mstari, kama kwata ya mgambo.

Ausi alinifuata hadi nyumbani. Akasema, mbele ya watu, “Mzee Tarsisi, mgongo wako una miguu sita?” Watu wakacheka. Sijaona cha kuchekesha.

Malkia alibaki ndani ya chupa, chini kabisa, miguu juu, hatikisiki. Nikamtupa jalalani. Nilikaa jikoni muda mrefu nikitazama jembe. Benadetha alichukua karai. Alitoka kumwaga majivu.

Ijumaa, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Wendelin yuko uwanjani na wanafunzi wake. Nami nimejikomboa.

Nilikwenda kwake kuazima kitabu cha nyimbo. Mkewe, Walburga, akanipa togwa, mama mwema, akaingia ndani kukitafuta. Chupa ya Wendelin ilikuwa dirishani. Nikaiingiza mkobani, nikaacha ya kwangu yenye sisimizi wa jikoni. Je, si ndivyo afanyavyo malkia mwenyewe? Ni soko huria. Togwa nilimaliza.

Jumamosi, 10 Desemba

Ni vigumu kuandika.

Daktari alifika saa nne. Nilikuwa nimetandika kitambaa cha kufuma na chupa juu yake. Hapo Wendelin akaja mbio na ile chupa ya jamu niliyomwachia, anapiga kelele kwamba hii iliyo juu ya kitambaa ni mali yake, utazamwe ufa wa shingoni. Nikasema ni yangu. Akaapa kwa mtakatifu somo wake. Nikaapa kwa mama yangu. Daktari akaomba kimya, akatoa kioo cha kukuzia. Akatazama sana.

Akasema malkia amekufa. Siku tatu sasa, na vibarua wamemkata kichwa. Chupa ni ya nani?

Wendelin akasema kumbe yake haikuwa na ufa. Nikasema si vizuri kumnyima jirani haki yake, mimi nilikuwa namshikia tu.

“Yako, Mwalimu.”

“La hasha, Bwana Tarsisi. Umeapa kwa mama yako.”

Kwa hiyo waseminari wa Wendelin walikuwa wamekwisha kumuua malkia tangu Jumatano, na yeye alijua! Tapeli mkubwa!

Ndipo Benadetha akafuta mikono kwenye kanga. “Samahani, Daktari. Naomba na langu ulitazame.”

Kopo la siagi. Ndani udongo wenye unyevu, chungu wachanga, rangi bado imepauka, wanamlamba malkia mwekundu. Miguu mitano. Vifuko nilivyomwaga aliviokota. Malkia alimtoa jalalani, akampasha joto kiganjani hadi akatikisa pembe. Hakuwa amekufa, alikuwa amepigwa na baridi.

Daktari akauliza nani alimfundisha. “Wewe,” akasema Benadetha, “siku ile ya chai.”

Akaulizwa kama anaweza kuhamia Mbamba Bay. Akasema hata leo, kama garini kuna nafasi ya debe la maharage.

Nilingoja anicheke. Hakunicheka. Hilo ndilo lililouma. Nikauliza nani atanipikia. Akasema unga uko kwenye pipa na kaka yake ameshaarifiwa.

Jumatatu, 19 Desemba

Nimemwandikia Daktari kumweleza kwamba ufanisi wa Benadetha ni matunda ya malezi ya nyumbani, na kwamba msaidizi huhitaji msimamizi. Hajajibu. Posta yetu!

Haidhuru. Ukata itangoja. Nina jambo kubwa zaidi. Wanunuzi wa kahawa wanalalamika wezi wanaiba magunia, walinzi wanasinzia. Sasa, ni kiumbe gani hasinzii? Siafu! Nitakodisha siafu wa kulinda maghala. Leo nimekusanya ndoo nzima kwenye barabara ya Mbuji, nikaifunika kwa gunia. Wanahitaji giza na joto, kwa hiyo nimewaweka chini ya kitanda.

Wapole ajabu. Nimeinua gunia sasa hivi kuwatazama na ndoo inaonekana tupu. Bila shaka wamejikusanya chini kabisa, wamepumzika. Nami kazi ya asubuhi imenichosha. Najilaza kidogo.