Kiwanda Kilichomo Ndani ya Meneja

Jumatatu, 5 Julai 1976. Kibaha.

Nimerudi kutoka semina. Mtu mpya kabisa! Mtaalamu kachora kiwanda ubaoni: kinachoingia, kinachotoka, na taarifa inayorudi kwa meneja ili arekebishe mambo. Wenzangu walisinzia. Mimi nusura niruke kitini. Kiwanda hicho ni mwili wangu!

Na imekuja wakati wake. Daktari kasema presha imepanda na kitambi kimezidi. Jumamosi ananipima tena. Nisipopungua, ataandika nipumzishwe, na kiti changu cha umeneja wa korosho atakikalia Leodegar, naibu wangu, mtu anayesoma gazeti langu kabla yangu na kulikunja vibaya. Isitoshe naogopa, nasema kweli. Marehemu Bartolomeo, aliyenitangulia, alianguka kwenye meza hiihii ninayoandikia. Hata hamsini hakufika! Mimi nataka tisini.

Stellamaris, mke wangu, kasema nile kidogo, basi. Kidogo! Huyu hakwenda semina.

Jumanne, 6 Julai

Kasoro nimeiona. Ni gari! Nakaa ofisini, nakaa kwenye Land Rover, nakaa mezani. Kuanzia kesho, sikukuu au si sikukuu, nakagua mikorosho ya Kisarawe kwa miguu. Kazi inakwenda, mafuta yanayeyuka. Safi!

Leodegar kasikia, macho yakamng'aa. Kasema kule kaoa, anajua kila mlango. Atanipangia njia na kupeleka taarifa mapema, nisije nikaonekana mzururaji. Kumbe nilimdhania vibaya.

Jumatano, 7 Julai. Saba Saba!

Adamu dereva kaniacha njia panda, nikatembea! Jasho mpaka kwenye soksi!

Nyumba ya kwanza, Bi Sikuzani, mwenye shamba kubwa la mikorosho. Vigelegele. Kuku alishachinjwa. Nikasema nimeshiba. Akauliza, kwa upole kabisa, kama siku hizi chakula cha Kisarawe hakiliki na watu wa ofisini. Ningefanyaje? Nikala. Ubwabwa wa nazi, kuku, kisamvu. Nyumba ya pili, bata. Nyumba ya tatu walinionea huruma: meneja mzima anatembea kwa miguu, maskini, gari limemfia! Wakaniongezea sahani.

Nimerudi mkanda nimeulegeza. Si neno. Nimetembea!

Alhamisi, 8 Julai

Asubuhi suruali imekataa kufunga. Nimefurahi mno! Hii ndiyo taarifa inayorudi kwa meneja! Mfumo unafanya kazi!

Sasa marekebisho. Kinachoingia kimezidi kinachotoka. Basi kinachotoka kiongezwe. Kesho mwendo mara mbili! Leo nimeshinda ofisini nikiupigia hesabu mpango, na Leodegar kanichagulia njia ndefu zaidi, yenye nyumba pande zote mbili. Stellamaris kauliza nyumba za nini. Nimemwomba asiingilie utaalamu.

Ijumaa, 9 Julai

Mungu wangu. Mzee Husseini katoka kuswali, kaniongoza moja kwa moja kwenye pilau ya mbuzi. Nimekula nimesimama, kwa ajili ya afya. Nyumba iliyofuata, mihogo ya nazi na samaki. Iliyofuata, pilau tena! Kila mwenye nyumba kanituma nimshukuru Bwana Leodegar, kwa kuwaambia mapema kwamba meneja anapenda kula, na sahani ikirudi na chakula hununa. Anajali heshima yangu, yule kijana!

Nimeshindwa kuinama kuvua viatu. Kanivua Stellamaris.

Jumamosi, 10 Julai

Nimepanda mzani. Daktari kaniomba nishuke, nipande tena. Kisha kamwita muuguzi aje aangalie na yeye. Presha hakunitajia. Aliandika tu, kalamu ikikwaruza. Likizo ya lazima, miezi miwili. Leodegar anakaimu kuanzia Jumatatu. Kanipa mkono kwa mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga.

Jioni nimelala, moyo unagonga mbavu. Nikamfikiria Bartolomeo. Hofu ikanishika, hofu ya kweli. Stellamaris akakaa kitandani, kanishika mkono, kasema hataki kuitwa mjane, na kwamba ananiomba kitu kimoja tu: nikaribishwe, nishukuru, nionje, niondoke. Alikuwa analia. Nikalia na mimi.

Halafu nikaona! Ala! Nilikaa kitako ghafla hadi akashtuka. Kiwanda gani kinabadilika kwa siku mbili za mwendo? Kilichoniangusha ni ofisi! Sasa sina ofisi! Miezi miwili mizima ya kutembea, Jumatatu hadi Jumapili, Kisarawe yote! Tisini ni ndogo, nafika mia!

Nimemtuma Adamu mbio kwa Leodegar, amwombe anipangie njia nzima na kupeleka taarifa vijijini. Jibu limerudi sasa hivi. Mtu mwema, haki ya Mungu. Kasema nisiwe na wasiwasi, taarifa alishazipeleka tangu jana.