Mshale Uliomwezesha Mke Wangu Kusoma Kazi Yangu

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Lugha Yetu ya Kuandikia Programu.

YAH: MSHALE

Kichwa cha habari hapo juu ni kifupi, lakini kinaniuma.

Mimi ni mwandishi wa programu, nimeoa, na naandika programu ya hospitali inayopanga foleni ya wagonjwa na kuonyesha majina yao kwenye skrini ya ukumbi wa kusubiria. Kazi naifanyia nyumbani, meza ya sebuleni, jiko nimelipa mgongo kwa makusudi.

Tangu nianze kutumia lugha yenu, programu zangu zilikuwa mabano ndani ya mabano. Aliyetaka kuzielewa ilibidi aanzie katikati kabisa, kisha atoke nje kidogo kidogo akipapasa. Hata mimi nilikuwa nikipotea humo, ila nilipotea kwa heshima. Mke wangu, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa akiniletea chai, anatupia jicho skrini, anaguna, anaondoka kwa kunyata. Vyombo akaosha yeye, maana mtu mwenye mabano mengi kiasi kile kichwani hatumwi kusugua sufuria.

Ndipo mkaleta mshale. Mlisema ni urahisi tu wa kuandika, hauongezi uwezo wowote: kitu kinaanzia kushoto, kinapita hatua moja baada ya nyingine. Madhara yake ni haya:

1. Programu inasomeka. Nilipoiandika upya ilikaa hivi:

wagonjwa |> ondoa_waliohudumiwa |> panga_kwa_uharaka |> onyesha

Mke wangu akasimama nyuma yangu, akausoma mstari mzima kwa sauti yake ya darasani, akauliza kama ndiyo hiyo tu. Nikamwambia kuna mengine chini. Akateremka chini, akayasoma na hayo. Chai akaondoka nayo.

2. Kesho yake nilikuta karatasi imebandikwa juu ya sinki:

vyombo |> sugua |> suuza |> futa |> rudisha_kabatini

Niliikagua nikitafuta kosa, nipate kukataa kitaalamu. Halikuwepo.

3. Kistari cha chini. Mmeruhusu kiwekwe mahali pa kitu ambacho mwandishi haoni haja ya kukipa jina. Kwenye zamu za nyumbani watoto wameandikwa kwa majina, mama mkwe kwa cheo chake. Mimi ni kistari.

4. Lugha yenu inakubali fanksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake moja, ipewe nusu ya mahitaji yake, nayo haigombi, inatulia tu ikingoja nusu iliyobaki. Mke wangu alifurahi mno kujua kwamba jambo hili lina utaratibu. Anasema ndivyo nilivyo: niambie takataka zitolewe, usiniambie lini, nitakaa hapo hadi zioze. Mama mkwe, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, sasa anawaeleza majirani somo hilo, na mfano wake ni mimi.

5. Hili naliandika kwa uchungu. Mke wangu aliolewa na mtu wa mabano. Sasa amegundua kwamba kutwa nzima nasema tu kianze hiki, kifuate kile. Kama kazi yangu haimshangazi tena, kimebaki nini cha kumshangaza? Sura hii? Naogopa, Ndugu Mwenyekiti.

Kwa hiyo naomba mshale ufutwe. Ikishindikana, ugeuzwe uelekee kushoto. Mabano yaongezwe, hata yasiyo na kitu ndani. Na programu yoyote ambayo mwenzi wa mwandishi ataielewa mara ya kwanza ihesabiwe kuwa na kosa, kompyuta ikatae kuiendesha.

Nisalimieni wanakamati wote na familia zao, hata aliyebuni mshale, ingawa yeye salamu zake ziwe fupi.

Wenu mtiifu,
Mtumiaji wa Siku Nyingi,
Mezani sebuleni (kwa sasa jikoni)

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, hospitali wamepiga simu. Kwa hasira nilikuwa nimeirudisha programu kwenye mabano, na skrini ikawa inaita watu waliokwisha kwenda nyumbani huku bibi mmoja mwenye homa kali amekaa tu. Nikatafuta kosa, nikatoka jasho. Mke wangu akaniambia niandike kwa mishale ili na yeye aone. Nikaandika. Tukaona wote kwa pamoja: hatua ya kuondoa waliohudumiwa nilikuwa nimeiacha nje. Bibi ameitwa, yuko kwa daktari. Mke wangu anasema miaka yote hii alitamani kuniuliza nafanya nini pale mezani, ila mabano yalimfungia mlango.

Basi mshale ubaki. Na kama Kamati ina nafasi, tunaomba alama ya kazi mbili zinazokwenda sambamba, mmoja akisugua, mwingine akifuta. Barua ameisoma yote begani kwangu. Namba tano amenijibu, lakini jibu lake halihusu Kamati.