Uso wa Zambarau Wiki ya Holi

Jumatatu, 10 Machi

Mama Mkuu ametangaza mezani kabla hata sijapaka mkate siagi: Ijumaa ni Holi. Sikukuu ya Kihindu ya rangi. Watoto wengi wa kituo hiki cha malezi wametoka nyumba za Kihindu, na kwao hii ni siku kubwa. Baridi inaagwa, wema unashangiliwa kwa kuushinda ubaya, na watu wanarushiana unga wa rangi mpaka mama hamtambui mwanawe.

Kisha likaja lenyewe. Sisi wageni wa kujitolea tuko wawili, na baada ya sikukuu darasa la wadogo litahitaji mmoja tu. Atakayefanya vizuri Ijumaa atabaki na watoto. Mwingine ataenda kumsaidia Dobi.

Mashuka! Sikupanda ndege kuja kukamua mashuka ya watu. Na wale watoto nimewazoea. Haya, nimewapenda. Naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Mshindani wangu ni Bingwa. Jina hilo nimempa mimi, kwa uchungu. Anajua kuimba, anajua kufunga bandeji, anajua kuziba bomba linalovuja, na hana maringo, jambo linaloudhi kuliko yote. Alipoanza kunyanyua mkono apewe kazi ya rangi, nikamuwahi. Nikasema Holi nimeisherehekea tangu utotoni. Uongo mtupu. Niliiona mara moja kwenye kalenda ukutani kwa kinyozi.

Nimepewa rangi. Bingwa amepewa nyimbo. Moja bila!

Jumanne, 11 Machi

Mama Mkuu alinielekeza kwa muuza rangi za Holi, mwisho wa soko. Nikakuta foleni. Mbele yangu bibi mmoja na wajukuu zake wote, kila mjukuu anachagua rangi yake, anaghairi, anachagua tena. Bibi yangu mwenyewe angesema haraka haraka haina baraka, lakini hakuwahi kusimama foleni ile.

Duka la pili yake halikuwa na mtu hata mmoja. Na rangi tele! Nyekundu, kijani, zambarau, zinawaka kuliko za yule wa foleni. Mwenye duka akaanza kunieleza jambo refu huku akionyesha vikapu vilivyoning'inia darini. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Nikalipa, nikaondoka.

Nimerudi mapema, nimesifiwa. Mama Mkuu akauliza kama ni zile alizoniagiza. Nikasema ndizo hizo hizo.

Jioni Bingwa amewafundisha watoto wimbo. Wanaimba vizuri. Inauma. Hakimu alikuja kukaa karibu yangu. Huyu ni msichana wa miaka sita, tunamwita Hakimu kwa sababu haachi neno lipite bila ushahidi. Akataka kujua Holi ya utotoni mwangu ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa na rangi nyingi. Akasema hilo hata yeye analijua.

Jumatano, 12 Machi

Leo nilikuwa na hila. Naiandika kama ilivyopangwa, kisha kama ilivyotokea.

Ilivyopangwa: taulo la Bingwa huanikwa kwenye kamba nyuma ya bweni. Nikainyunyiza ile rangi ya zambarau katika mikunjo yake. Bingwa ajifute, aende kwenye chai na uso wa zambarau, siku mbili kabla ya sikukuu. Mama Mkuu amwone hana subira. Mimi nisikitike kwa niaba yake.

Ilivyotokea: taulo langu la bafuni lilikuwa bado bichi tangu jana. Bingwa akaliona. Roho yake nzuri imenimaliza! Akalitoa langu bafuni, akanitundikia lake kavu kwenye msumari wangu, yeye akajifuta kwa shati. Nikamaliza kuoga na sabuni machoni, nikapapasa, nikalipata, nikajifuta uso. Vizuri. Mara mbili. Hata nyuma ya masikio.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia nikijikausha.

Sabuni: wapi! Limau: wapi! Majivu: ngozi imewaka moto, zambarau imebaki. Nimesema naumwa, nimejilaza na shuka usoni. Shangazi yangu akapiga simu ya video kutoka nyumbani. Nikamwambia kamera imeharibika. Akasema haya, lakini mbona sauti yangu ni ya mtu aliyevunja kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejisalimisha jikoni. Bi Mpishi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaomba aone pakiti, akaigeuza, kicheko kikakatika. Nyuma yake kuna picha: vikapu vitatu ndani ya sufuria inayochemka. Sikuwahi kuigeuza.

Rangi ya vikapu! Akaniambia, mwanangu, hii inachemshwa, hapakwi mtu. Ikiingia jichoni ni hospitali.

Nilikaa chini, pale pale sakafuni. Niliyaona macho ya Hakimu, yale makubwa yasiyomwamini mtu. Watoto wote wale! Kesho ningewagawia mmoja mmoja, ningewaambia warushiane, na ningepiga makofi. Niliogopa kweli, sioni aibu kusema.

Mara akaingia Bingwa, anatafuta chai ya moto ya kumpelekea mgonjwa. Mgonjwa ni mimi. Akauona uso wangu. Akaiona pakiti. Nadhani akalikumbuka na taulo lake, maana aliyatazama masikio yangu, yote mawili. Halafu akauliza kama kuna wanga wa mahindi.

Anajua kutengeneza rangi ya Holi. Bila shaka anajua! Wanga, rangi ya chakula, maji kidogo, unakanda, unaanika kwenye trei, unasaga, unachekecha. Tumeshinda jikoni sisi watatu. Mimi nimechekecha mpaka mabega yakakataa. Tumepata njano, waridi na kijani. Ile sumu ya vikapu Bi Mpishi ameirudisha dukani kwa mkono wake, hakuniamini hata kuibeba.

Jioni ukawashwa moto wa kuamkia sikukuu uani. Mama Mkuu akawaeleza watoto kwamba ubaya unateketea pale. Nikasimama upande wenye moshi mwingi.

Ijumaa, 14 Machi

HOLI!

Nilitoka bwenini na kofia imeshuka mpaka puani. Hakimu akaivuta. Akanikagua. Akauliza kwa nini nimeanza bila wenzangu. Kabla sijapata uongo wa kumpa, akanimwagia unga wa njano uso mzima, na wenzake wakafuata, wanapiga kelele, wananikimbiza kuuzunguka uwanja.

Mungu si Athumani! Baada ya muda mfupi hakuna aliyejua nani ni nani. Mama Mkuu nywele zote waridi. Bingwa kijani kama jani la mgomba. Bi Mpishi rangi zote tatu na bado anadai nyongeza. Dobi peke yake, anayechukia doa kuliko dhambi, alijifungia chumba cha mashuka.

Nilipita kwa watoto nikiwafuta kope kwa kitambaa. Macho mazima. Yote. Aliyelia ni mmoja, na alilia kwa sababu hajarushiwa vya kutosha. Hapo nikashusha pumzi niliyoishika tangu jana, na machozi yakanitoka. Nikasingizia unga.

Mama Mkuu akanipaka waridi shavuni, akasema kazi ya rangi nimeiweza. Nikamtazama Bingwa. Bingwa akatazama mawingu. Nikasema asante.

Jumamosi, 15 Machi

Kumekucha, wote wameoga, wote wamerudia rangi zao. Isipokuwa mimi.

Mama Mkuu akakiweka kikombe chini. Akauliza. Nilikuwa natafuta maneno, tena nilikuwa karibu kuyapata, lakini Bi Mpishi hana kifuniko mdomoni. Akamwaga yote: foleni, vikapu, wanga. Hata taulo! Nani alimwambia taulo?

Kisha hukumu: Bingwa anabaki na watoto. Mimi kwa Dobi, kuanzia leo. Sikubisha. Ningebisha nini? Hakimu akaacha kula, akauliza nani atamfunga kamba za viatu, maana Bingwa anakaza mno. Nikainama kama naokota kijiko.

Nikaenda kufua. Nikamkuta Dobi mlangoni, mikono ameitanua kama golikipa. Mkononi ana foronya yangu. Zambarau tupu, pua na mdomo vimechapwa katikati. Ameifua pamoja na mashuka meupe. Mashuka meupe hayapo tena duniani. Akaapa kwa mama yake mzazi kwamba mtu huyu hatavuka kizingiti chake hata kwa dawa. Mama Mkuu akaitwa. Wakabishana. Dobi ana miaka mingi hapa kuliko Mama Mkuu na ana sauti kubwa zaidi. Dobi akashinda.

Jikoni Bi Mpishi akasema ana watu wa kutosha. Bustanini wakasema vivyo hivyo, haraka mno. Kwa hiyo nimerudishwa darasa la wadogo, chini ya Bingwa, mpaka atakaponitaka mtu mwingine. Watoto walishangilia. Hakimu akanyoosha mguu wenye kamba zilizofunguka. Nilipiga magoti kuzifunga na sikutaka kuinuka, kwa raha ile.

Jumapili, 16 Machi

Zambarau imepungua kidogo mashavuni. Masikio bado.

Nimetulia, nimetafakari kwa kina. Nisingetega lile taulo, nisingepakwa. Nisingepakwa, pakiti isingegeuzwa, na watoto wangeumia. Tena nisingekuwa na rangi hii, sasa hivi ningekuwa nakamua shuka. Kwa hiyo hila yangu imewaokoa watoto wote na mimi mwenyewe. Bingwa ametengeneza unga tu.

Mtu mwenye kipaji kama hiki akikikalia, ni kufuru.

Kesho Bingwa ataanza kuwapigia watoto filimbi. Ameiacha kitandani, ameenda kuoga. Nimeipaka sabuni kwenye tundu la kupulizia. Kidogo tu. Kwa usalama wa watoto.