Shokapu Baridi za Baba

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku mbaya. Mayai sitini na mawili yamevunjika. Mama Trei, mfuga kuku anayetafuta lori la kumpelekea mayai mjini, alisimama nyuma ya lori langu akiyahesabu na kusonya kwa kila trei. Kisha akasema tutajaribiwa tena Jumamosi, mimi na shemeji, kila mtu na lori lake. Atakayevunja machache ndiye atakayepewa kazi. Shemeji, mume wa dada yangu, amevunja arobaini. Nimefarijika kidogo kwamba naye kavunja.

Jioni mama aliniita sebuleni. Alisema lori la marehemu baba linakula tu wala halizalishi, na nikikosa kazi ya mayai ataliuza. Alisema bila hasira, huku akikunja nguo. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikifungua mlango wa lori lile bado nasikia harufu ya baba. Likiondoka sitabaki na kitu.

Kosa ni la barabara. Naandika hapa ili ijulikane.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimekwenda kwa fundi mzee, rafiki wa baba. Aliinama, akachungulia, akasema si barabara, ni shokapu: ile mitungi minne ya chuma, mmoja kwa kila gurudumu, inayotuliza gari lisirukeruke likipita shimoni. Alisema iliyokufa kabisa hubadilishwa, ila zangu za nyuma ni za kizamani, zinafunguka, hata zikichoka huweza kukarabatiwa. Nikauliza nitaijuaje iliyokufa. Akasema niendeshe saa nzima kwenye njia mbaya, nisimame, nizishike moja moja kwa mkono. Nikikuta moja ina moto na nyingine ni baridi, basi...

Akashikwa na kikohozi. Ana kikohozi kirefu. Sikungoja. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na mimi nimekulia kwenye kabini.

Matokeo: za mbele zina moto, nusura niungue. Za nyuma baridi kama maji ya mtungini. Jambo liko wazi. Mgonjwa huwa na homa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeuza redio. Nimenunua shokapu mbili mpya za mbele. Kwa fundi sikurudi, angetaka kumalizia sentensi yake. Nimezifunga mwenyewe nyuma ya nyumba, chali kwenye kokoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini waliosema hivyo hawakutaja nati zilizoshikwa na kutu. Kidole gumba kimevimba.

Mama alipita na beseni, akauliza kama fundi anajua ninachofanya. Nilisema anajua. Mungu anisamehe.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Usingizi umekuja kwa shida, nikiziwaza zile mbili nilizozitoa. Kuzitupa ni hasara. Asubuhi nikapata wazo, nikacheka peke yangu hadi chai ikamwagika. Lori la shemeji na la baba ni mapacha, kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Nimezisugua, nikazifunga kwenye gazeti, nikampelekea hadi mlangoni. Nikamwambia undugu ni kufaana, si kufanana.

Shemeji alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema za kwake za mbele zilikuwa zimekufa na hakujua angefanya nini. Machozi yalimlengalenga. Kwa dakika moja nilijisikia vibaya. Dakika ikapita.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimeosha lori. Za nyuma zinavuja oili; nimeipangusa. Ni jasho la kazi tu. Nilipokwangua uchafu nikakuta maandishi ya msumari kwenye chuma. Mwandiko wa baba. Tarehe, moja chini ya nyingine, kila baada ya miaka miwili. Ya mwisho ni ya miaka mitano iliyopita, kabla hajaanza kuugua.

Nilikaa mvunguni muda mrefu. Baba alizipenda shokapu hizi hadi akaziandikia tarehe, kama watu wanavyoandika nyuma ya picha. Nimezipaka rangi nyeusi, nikaruka pale penye mwandiko. Zinang'aa. Kesho Mama Trei ataona lori la mtu makini.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mayai sitini na manne. Mawili zaidi ya Jumatatu. Shemeji kavunja matatu.

Mama Trei safari hii hakusonya. Afadhali angesonya. Fundi mzee alikuwapo, ameitwa awe shahidi. Alipenyeza mkono chini ya lori langu, akazishika za nyuma, akautoa mkono umejaa rangi nyeusi. Akanitazama kwa huruma, kisha akaimalizia sentensi yake ya Jumanne. Alisema shokapu nzima humeza mtikiso wa gari, na mtikiso ukishamezwa hugeuka joto. Iliyo baridi ndiyo maiti.

Yaani nilizitoa zilizo hai, nikabaki na maiti mbili nimezipaka rangi. Zilizo hai nilizifunga kwenye gazeti kwa mikono yangu, nikampelekea shemeji.

Mama alipoambiwa alisema neno moja tu, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nimekwenda kukaa kwenye kabini, nikalia. Sioni aibu kuandika. Nimemlilia baba, nimelililia lori, na redio pia.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Lori haliuzwi.

Shemeji alikwenda mwenyewe kwa Mama Trei, akamweleza kwamba ushindi wake umetokana na zawadi yangu, na mtu mwenye moyo kama wangu hastahili kunyimwa kazi. Nilikuwa nimesimama palepale. Sikumsahihisha. Mama Trei amekubali tugawane siku: yeye tatu, mimi tatu, nikishatengeneza za nyuma.

Fundi alizifungua leo mchana. Alinionyesha fimbo ya ndani, laini, haina mkwaruzo wala kutu. Alisema fimbo ingekuwa imekwaruzika au mtungi umebonyea, tungezitupa na kununua nyingine. Hizi zilihitaji sili mpya, ile mipira inayozuia oili isivuje, na oili safi, basi. Nikamwonyesha zile tarehe. Akasema ndizo siku ambazo baba alikuja kwake kuzikarabati, kila miaka miwili bila kukosa, na aliziandika ili atakayelirithi lori ajue zamu inayofuata.

Atakayelirithi ni mimi. Nilizitazama tarehe zile Ijumaa nzima na sikuona kitu. Fundi alinipa msumari, nikaandika ya leo chini ya ile ya mwisho ya baba. Mwandiko wangu umepinda, lakini unasomeka.

Mama ametoa masharti mawili. Ufunguo utakuwa unalala kwa shemeji. Na nisiguse nati yoyote kabla fundi hajasema.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Safari yangu ya kwanza. Mayai manne tu! Mama alipopata habari alitabasamu, na tangu msiba sikumbuki kumwona akitabasamu. Amenipakulia mwenyewe. Nimeapa mbele yake kwamba nimekuwa mtu mwingine.

Na ni kweli. Niliposhuka nilikagua kama nilivyofundishwa: nikashika magurudumu yote manne, moja moja. La mbele kushoto lina moto mkali, hata harufu ya kuungua linatoa. Mengine matatu ni baridi. Fundi alikuwa anapita, nikamweleza. Alishtuka. Akasema gurudumu si shokapu, na likichemka peke yake, basi breki yake...

Akashikwa na kikohozi. Sikungoja. Somo hili sasa nalijua kuliko yeye.

Jambo liko wazi. Moja linafanya kazi, matatu yamekufa. Saa ya ukutani imeshapata mnunuzi. Kesho asubuhi, kabla ya kupakia mayai, nitayafungua yale matatu, niyatie breki mpya. Mama hatajua. La moto sitaligusa, hilo ndilo zima.